Kumkabidhi Ndugu Mgonjwa Mikononi mwa Wauguzi

Kila askari ajua namna ya kukabidhi lindo. Anayeondoka hamwachi gizani anayeingia: humwonyesha mipaka, humweleza yaliyotokea katika zamu yake, humhesabia risasi, kisha ndipo huenda zake kulala. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa ametoroka lindo, hata kama mwenzake amekwisha kusimama pale pale aliposimama yeye.

Hayo nilifundishwa katika chuo cha makadeti, na kwa miaka kadhaa nimewafundisha wengine. Lakini ilipofika siku ya kumkabidhi kaka yangu mwenyewe katika nyumba ya kuuguzia wagonjwa, nilitenda mfano wa kuruta ambaye hajapata kushika bunduki. Nayaandika haya kwa kuwa najua miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, askari wa jeshi na askari polisi, wamo ambao ndugu zao wamelala kitandani huko nyumbani, nao wenyewe wapo vituoni, mbali, wakituma fedha na kuomba ruhusa.

Kaka yangu alikuwa sajini wa polisi. Yeye ndiye mwana wa kwanza, mimi ndimi kitinda mimba, na baina yetu ipo miaka 18. Baba yetu alipofariki, mshahara wa kaka ndio ulionilipia karo, tangu shule ya msingi mpaka nilipovaa sare. Alipotimiza miaka 54 ikabainika kwamba ana saratani ya tezi dume. Ugonjwa huo aghalabu huanza kimya kimya, na kwa wengi wetu hugunduliwa ukiwa umekwisha kutawanyika. Kwa kaka ulikuwa umefika kwenye uti wa mgongo. Alitibiwa huko Mulago, katika Taasisi ya Saratani, akapigwa mionzi, maumivu yakapungua. Miguu haikurudi.

Kwa miezi saba shemeji yangu alimwuguza peke yake, nyumbani kwao upande wa Tororo. Nitaeleza maana ya neno "kuuguza," kwa sababu sisi tulio mbali hulitamka upesi mno. Mtu asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Uzito wa mwili ukikandamiza ngozi mahali pamoja, hasa kwenye visigino, nyongani na mwisho wa mgongo, damu haipiti; ngozi hufa, na kidonda chake huweza kuchimba hata mfupani. Basi hesabu mwenyewe: mara 12 kila siku kumgeuza mwanamume mwenye mwili wa polisi, na baina ya hizo kumwosha, kumlisha, kubadili shuka, kuangalia mpira wa mkojo usizibe. Hakuna kamanda ambaye angemweka askari mmoja katika lindo la namna hiyo kwa wiki moja, sembuse miezi saba. Nilipofika kwa likizo nilimkuta shemeji ameumia kiuno, analala ameketi kwenye kiti. Na kaka ana kidonda chenye upana wa kiganja.

Ukoo ukakutana. Nilipotaja nyumba ya masista iliyoko kilomita 30 kutoka kambini kwangu, shangazi yetu alisimama akasema, "Nyumba za masista ni za wasio na watu. Huyu ana watu." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nami nikatazama huku na huku nikiwatafuta hao watu. Kati ya wote walioitikia, hakuna aliyejitolea kukesha hata usiku mmoja. Watu aliokuwa nao kaka walikuwa mwanamke mmoja mwenye kiuno kibovu.

Hata hivyo sitamlaumu shangazi. Katika nchi yetu ya Uganda uuguzi wa wagonjwa wa namna hii umejengwa juu ya nyumba na jamaa. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospisi Afrika Uganda mwaka 1993, wauguzi wake waliwafuata wagonjwa majumbani na dawa ya maumivu mkononi. Na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuandika mofini wao wenyewe, jambo lililoifanya nchi hii itazamwe na nyingine kama mfano. Nyumba za kumlaza mtu muda mrefu ni chache, na iliyo maarufu zaidi, ile ya Nalukolongo mjini Kampala, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kutembelewa na Papa Francis Novemba 2015, inajulikana kwa kuwapokea maskini na walemavu waliokosa pa kukaa. Ndiyo maana mtu akisikia "nyumba ya masista" husikia "kutupwa."

Mwishowe ukoo ulikubali, nusu kwa kushawishika na nusu kwa kuchoka. Hapo ndipo lilipoanza kosa langu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nami nikaishika methali hiyo kana kwamba ni amri ya kijeshi. Sikumwuliza kaka neno lolote. Nilimwambia kwamba tunampeleka kwa wiki mbili, kidonda kitibiwe, kisha atarudi.

Safari nayo niliiharibu. Nilipata gari, nikatandika magodoro mawili, nikaweka vijana wanne wa kuinua, lakini nikasahau dawa. Mofini ya kunywa huhitaji kama nusu saa ili ishike. Mgonjwa akitaka kusafirishwa, sharti anywe kwanza, ndipo ainuliwe. Tuliondoka bila hiyo, na barabara ile ina mashimo. Kaka hakulia. Alishika ukingo wa gari, akahesabu kwa sauti ya chini, na kila shimo lilipopita alianza tena kwa moja.

Tulifika jioni, wakati wauguzi wa mchana wakiondoka na wa usiku hawajamfahamu mgonjwa. Hilo nalo ni kosa. Mtu apelekwe asubuhi, apate kuona nyuso na mwanga. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikaanza kukagua. Nilihesabu vitanda, nikauliza ni nani mwenye zamu, nikadai kuona ghala ya dawa. Sista mkuu, mama mfupi mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Afande, hapa hakuna paredi. Niambie kaka yako anapenda kulala ubavu upi."

Sikujua. Shemeji ndiye aliyejibu: ubavu wa kushoto, na taa isizimwe kabisa.

Siku ya tatu nilirudi na pajama mpya, taulo mbili na machungwa. Kaka alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani. Hakula tangu jana yake. Nilipoketi alisema bila kugeuka:

"Siku ile nilipokupeleka shule ya bweni, nilikudanganya?"

"Hukunidanganya, kaka."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia kwamba nitabaki, na kwamba utakuja mwisho wa muhula."

"Nikaja?"

"Ulikuja."

"Basi nami niambie."

Wasomaji, nimewahi kusimama mbele ya waandishi wa habari kueleza mambo mazito kwa niaba ya jeshi, na sauti yangu haikutetemeka. Pale ilitetemeka. Nilimwambia kwamba hizo wiki mbili zilikuwa uongo. Kwamba madaktari hawatarajii miguu irudi. Kwamba mkewe ameumia na hawezi tena kumwinua. Kwamba hapa ndipo atakapokaa, na mimi nitakuja kila Jumamosi saa 4 asubuhi maadamu sijatumwa mbali, na nikitumwa atakuja mwanawe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Wauguzi hubadilishana zamu saa ngapi?" Nikamjibu. "Na kitabu cha matukio wanacho?"

Kwa polisi, kituo kisicho na kitabu cha matukio si kituo. Akaniagiza nimletee daftari kubwa, saa ya ukutani, na kikombe chake cha bati cha siku za depo ambacho mimi, katika kufungasha, nilikiona kibovu nikakiacha. Pajama mpya hakuzitazama.

Daftari lile limefanya kazi kuliko ukaguzi wangu wote. Humo huandikwa saa aliyogeuzwa na ubavu aliolalia, chakula alichokula, hali ya kidonda, na dawa. Mofini hupewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yapige hodi kwanza, na kipimo cha kulalia huongezwa ili apate usingizi mpaka alfajiri. Pamoja nayo hupewa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Shangazi aliposikia jina la mofini aliogopa, akidhani ni dawa ya kumwaga mtu, au kwamba kaka atageuka mlevi. Muuguzi alimketisha akamweleza kwamba dawa hiyo, ikipimwa kwa maumivu, haiharakishi kifo wala haimfanyi mgonjwa kuwa mraibu. Shangazi hakusema amekubali. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na kuku, akataka mwenyewe kumlisha. Na muuguzi akamfundisha kumwegemeza kaka awe ameketi wima kwanza, na kumwacha hivyo nusu saa baada ya kula, asije akapaliwa.

Kidonda kimepungua, hakijafunga. Shemeji hulala kitandani sasa. Huja Jumatano na Jumapili, hamwinui mumewe tena, bali huketi naye wakazungumza habari za mashamba na karo, kama mke na mume. Aliniambia kwamba kwa miezi ile saba walikuwa hawazungumzi. Alikuwa na kazi nyingi mno.

Wapo wenzangu kambini waliotaka kuja kumwona mzee. Mara ya kwanza nilikuja nao wanne, sote tumevaa sare na buti, na bibi wa kitanda cha pili akaanza kulia akidhani tumekuja kukamata mtu. Siku hizi tunakwenda wawili, kwa nguo za raia.

Jumamosi iliyopita lori liliharibika njiani, nikafika baada ya wakati. Kaka alikuwa amelala. Nililifungua daftari kuona alivyoshinda usiku, nikakuta mwandiko wake mwenyewe, uliopinda lakini wasomeka, chini ya mstari wa dawa ya saa 4: "Kapteni amechelewa dakika 8. Hajatoa sababu."