Berenice Abbott na Kumbukumbu ya New York Iliyokuwa Ikibadilika

Upigaji picha za mtaani ni tawi la upigaji picha linaloshughulikia maisha ya barabarani kama yalivyo, yaani maduka, majengo, vyombo vya usafiri na wapita njia, bila watu kupangwa wala mandhari kutengenezwa. Miongoni mwa kazi zinazoonyesha jinsi tawi hili linavyoweza kuhifadhi sura ya mji unaobadilika, ni chache zenye uzito kama ile ya Mmarekani Berenice Abbott, aliyeupiga picha mji wa New York katika miaka ya 1930.

Abbott, aliyezaliwa katika jimbo la Ohio mwaka 1898, alijifunza kazi hiyo Paris akiwa msaidizi wa Man Ray, na huko ndiko alikokutana na mzee Eugène Atget, ambaye kwa takribani miaka 30 alikuwa akibeba kamera nzito ya mbao kwenda kupiga picha vichochoro, ngazi na milango ya Paris ya zamani. Atget alipofariki mwaka 1927, Abbott alinunua sehemu kubwa ya picha na negativu zilizobaki (negativu ikiwa ni picha ya awali ambamo penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe), na kwa kufanya hivyo akainusuru kazi ambayo ingeweza kutawanyika. Aliporejea New York mwaka 1929 alikuta majengo ya karne ya 19 yakibomolewa ili kupisha maghorofa marefu, akakusudia kuufanyia mji huo kile ambacho Atget aliifanyia Paris. Mwaka 1935 aliajiriwa na Federal Art Project, mpango wa serikali uliowapa wasanii ajira wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na kazi iliyotokana na ajira hiyo, Changing New York, ilifikia picha zaidi ya 300, ambazo baadhi yake zilichapishwa kitabuni mwaka 1939 pamoja na maelezo ya Elizabeth McCausland.

Filamu ya nyeusi na nyeupe hupakwa chumvi za madini ya fedha ambazo, baada ya kupigwa na mwanga na kusafishwa kwa dawa, hugeuka nyeusi, kwa hiyo hunasa tofauti ya mwanga na kivuli pasipo rangi. Abbott aliutumia upungufu huo kwa ustadi: chini ya reli iliyojengwa juu ya barabara, jua lililopenya kati ya mataruma liliuchora mtaa mzima mistari, na mtazamaji anaelewa mara moja jinsi reli hiyo ilivyowanyima wakazi mwanga. Picha yake maarufu ya New York usiku, aliyoipiga akiwa ndani ya jengo refu, ilihitaji lenzi kuachwa wazi kwa takribani dakika 15, tena katika siku fupi za majira ya baridi, giza linapoingia kabla wafanyakazi hawajazima taa za ofisi na kwenda zao.

Hata hivyo, thamani kubwa zaidi imo katika picha zisizo na mbwembwe. Katika ile ya mgahawa wa Blossom, uliokuwa namba 103 mtaa wa Bowery, iliyopigwa mwaka 1935, sehemu ya mbele ya mgahawa imejaa majina ya vyakula na bei zake, na kando yake kuna kinyozi. Hakuna tukio lolote, lakini mtafiti anasoma humo mtu wa kipato kidogo alikula nini na kwa senti ngapi. Jambo hilo linawezekana kwa sababu Abbott hakuridhika na uzuri wa picha peke yake, bali aliambatanisha mahali na tarehe, na picha ya mtaa isiyo na taarifa hizo hupoteza nusu ya ushahidi wake.

Alipiga pia picha za kituo cha reli cha Pennsylvania mjini New York, chenye paa la vioo na vyuma, kilichofunguliwa mwaka 1910 na ambacho wengi walikipita kila siku wakidhani kitadumu. Kilianza kubomolewa mwaka 1963, na sheria ya mji wa New York ya kulinda majengo ya kihistoria ikapitishwa mwaka 1965, wakati kazi ya kukiangusha kituo hicho ilikuwa tayari inaendelea.