Mapumziko ya Pwani: Mama Naye Apumzike



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Watu waishio kandokando ya Bahari ya Mediterania, kuanzia Uturuki na Misri hadi Tunisia, Morocco na Uhispania, wana jambo moja walilolijua zamani. Miezi ya Julai na Agosti kwao ni ya joto kali. Fukwe hujaa watu na bei za nyumba za kulala hupanda. Ifikapo mwisho wa Septemba na mwezi wa Oktoba, shule zimekwisha kufunguliwa, wageni wamepungua, gharama zimeshuka, na maji ya bahari bado hayajapoa. Mwenye kutaka utulivu huingoja miezi hiyo.

Hapa Kabiria, magharibi ya jiji la Nairobi, tunaishi jamaa wengi tuliofuata kazi na masomo bara. Vijana wetu huziona picha za fukwe hizo za mbali katika simu zao, wakatuuliza ni lini nasi tutakwenda Antalya. Hatuwalaumu, kwani kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu ni jambo jema kwa mwenye uwezo. Lakini tuwakumbushe kwamba mwana wa Mediterania ndiye aliyewahi kuja kwetu. Ibn Battuta alizaliwa Tangier, mji ulio kwenye mlango wa bahari hiyo. Akatoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, na mwaka 1331 akafika Mombasa na kulala usiku mmoja. Aliyoyaandika kuhusu wenyeji wake ni uchaji Mungu wao, misikiti yao iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi, na maji yaliyowekwa mlangoni ili kila aingiaye aoshe miguu. Pwani aliyoisifu msafiri yule ndiyo pwani ya bibi na babu za watoto wetu, na kutoka hapa hadi huko ni mwendo wa siku moja tu.

Kwa hiyo makala haya ni ya kupanga mapumziko ya familia pwani, baada ya shule kufungwa. Na tangu mwanzo tungependa kulitaja lile linalotusukuma kuandika. Akina mama wengi wametueleza, kwa staha na kwa sauti ya chini, kwamba hurudi kutoka likizo wamechoka kuliko walivyokwenda. Baba hukaa barazani na rafiki zake wa utotoni, watoto hucheza, na mama huhamisha jiko lake kutoka Kabiria hadi Kisauni, akawa sasa anapikia watu kumi na wawili badala ya watano. Safari ya namna hiyo tusiiite mapumziko ya familia, maana mmoja katika familia hakupumzika.

Tuanze kwa shauri

Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na nyumba ndiyo mahali pa kwanza pa shauri. Baba asirudi jioni na tikiti mkononi kama mtu aletaye habari. Wakae baba na mama, na watoto waliofikia umri wa kuelewa, wajibu maswali manne: tutakwenda lini, tutafikia wapi, tutatumia kiasi gani, na nani atafanya kazi gani tukiwa huko. Swali la nne ndilo linalosahauliwa, na ndilo lenye kuamua kama mama atapumzika.

Tukumbuke mwenendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba akiwa nyumbani Mtume alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Na imepokewa vilevile kwamba katika safari moja aliwaambia masahaba watangulie, kisha akashindana mbio na mkewe, na mkewe akamshinda. Na miaka baadaye wakashindana tena, akashinda yeye. Aliyebeba mzigo wa umma mzima alipata nafasi ya kucheza na mkewe njiani. Sisi tuna udhuru gani?

Wakati unaofaa

Pwani yetu huongozwa na pepo. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, na bahari huchafuka. Kaskazi hushika kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizi mbili huja matlai, siku za upepo mdogo na maji matulivu, ambazo mabaharia wetu walizijua kabla ya kuwepo utabiri wa redio. Muhula wa tatu wa shule humalizika mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na hapo ndipo penye nafasi nzuri: watoto wako nyumbani, bahari imetulia, na msongamano wa Desemba haujaanza. Mvua ya vuli huenda ikanyesha, lakini mara nyingi huja kwa vipindi kisha jua likatoka. Familia yenye mtoto anayefanya mtihani wa kidato cha nne yapaswa kungoja hadi amalize, kwani si haki ndugu zake wakaogelee naye amebaki na vitabu.

Gharama bila deni

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huondoka Syokimau na kufika Miritini, Mombasa, safari ya kilomita 470 hivi. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia; mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya hapo hukaa mapajani bila malipo. Tuchukue mfano wa baba, mama, kijana wa miaka 13 na wadogo wawili wa miaka 8 na 5. Watatu wa kwanza ni shilingi 4,500, na wawili wa mwisho ni 1,500; jumla ni 6,000 kwenda na 6,000 kurudi.

Shilingi 12,000 si kitu kidogo kwa nyumba nyingi za mtaani kwetu. Lakini anayeweka shilingi 300 kila wiki, akianza Februari, atakuwa nazo baada ya wiki 40, yaani Novemba. Akina mama waliomo katika vyama wanalijua hesabu hili kuliko sisi. Tunachokihofia ni mikopo ya simu, inayochukuliwa usiku mmoja kwa furaha na kulipwa miezi kadhaa kwa riba, hali Januari inakuja na karo na sare. Furaha iliyonunuliwa kwa riba haina baraka. Na asiye na uwezo mwaka huu hana lawama: siku moja nyumbani, baba na watoto wakishika jiko na mama akilala hadi atosheke, nayo ni mapumziko.

Swala katika safari

Treni iondokayo Syokimau saa mbili asubuhi hufika Mombasa kama saa nane mchana. Kwa anayetaka wepesi wa ibada, hiyo ndiyo tunayoipendekeza: swali Alfajiri nyumbani, ondoka Kabiria mapema kwa sababu ya msongamano wa barabara na ukaguzi wa stesheni, na utafika ilhali wakati wa Adhuhuri bado upo. Treni ya saa tisa alasiri hukutwa na Alasiri na Magharibi njiani, na kwa mama mwenye watoto wadogo huo ni mtihani.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, safari hii imevuka masafa ya kupunguza swala. Lakini mwenye kunuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu afikapo. Wazazi wawafundishe watoto hukumu hizi kwa vitendo. Darasa la ndani ya treni halisahauliki.

Bahari na mwezi wa Kiislamu

Watoto waliokulia bara huikimbilia bahari kwa furaha na hawaijui. Wasimamiwe na mtu mzima aliyeacha simu pembeni, na wavae viatu vyepesi kwa sababu ya mawe na viumbe vyenye miiba.

Kalenda yetu ya Kiislamu ni msaada mkubwa hapa, kwani maji hufuata mwezi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano huwa bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Karibu na tarehe saba na ishirini na mbili huwa maji mafu, bahari ikasogea kidogo tu. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hupwa katikati ya asubuhi, na watoto waweza kutembea juu ya mwamba na kuona kaa na samaki wadogo katika vidimbwi. Lakini bamvua lirudipo hurudi kwa haraka, basi warejeshwe ufukweni kabla maji hayajageuka. Waulizeni wavuvi, nao watawaeleza kwa furaha.

Akina mama nao wana haki ya kuionja bahari. Ufuo wa umma wa Bamburi hujaa watu siku za Jumamosi na Jumapili. Siku ya kazi, mara baada ya Alfajiri, huwa hauna msongamano, na mama aliyejisitiri aweza kuingia majini na binti zake kwa utulivu. Baba aamke naye awasindikize, asibaki kitandani.

Jiko la likizo

Tukifikia kwa jamaa, tusiwageuze kuwa watumishi, wala mke wetu asigeuzwe kuwa mtumishi wao. Kuunga udugu ni ibada, nayo haijazi vifungu vya pilau. Tupeleke mchango wa chakula siku ya kwanza, tukabidhi mikononi mwa mwenye nyumba, na tukubaliane zamu. Wanaume waende sokoni, wakwarue samaki, wakune nazi, waoshe vyombo. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za kununua, na mnunuzi humruzuku jirani. Jioni kuna mihogo, viazi karai na madafu pale Mama Ngina, mbele ya mlango wa bahari, ambapo familia hukaa hadi jua lizame. Siku mbili katika sita jiko la nyumba lisiwashwe kabisa.

Ratiba nyepesi

Kosa la wengi ni kutaka kuona kila kitu. Twashauri matembezi mawili tu. La kwanza ni Mji wa Kale wa Mombasa: Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698, na karibu nayo Msikiti wa Mandhry, ambao asili yake ni mwaka 1570. La pili ni magofu ya Gede, karibu na Watamu, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Humo watoto wataona msikiti mkuu, visima na nyumba za mawe zenye vyoo, katika mji uliohamwa karne nyingi zilizopita. Mtoto wa Nairobi aliyedhani kwamba ustaarabu ulikuja na meli za Ulaya atatoka Gede na swali jipya.

Siku zilizobaki ziachwe wazi. Ziwe za nyanya na babu. Wazee wetu hawatudumu, na wajukuu wao wanakua wakizungumza lugha ambayo bibi haielewi vizuri. Mtoto na ashinde mchana mzima mkekani kwa bibi, ajifunze kuamkia kwa adabu, ajue jina la babu wa babu yake na mtaa alikozikwa. Hilo halina nauli wala tikiti, na miaka ikipita halitapatikana tena.

Kisha, usiku wa kuamkia kurudi, baba amuulize mkewe swali moja tu: je, umepumzika? Akijibu kwa kutabasamu, safari ilipangwa vyema. Akinyamaza, ajue la kurekebisha mwakani, na aanze kulirekebisha siku wafikapo Kabiria, kwa kulishika jiko mwenyewe hadi mama aondoe uchovu wa njia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu umri wenye afya, azijaze nyumba zetu huruma, na awafikishe salama wote watakaosafiri. Wabillahi tawfiq.