Kulamawe Yahitaji Shule Ndogo, Si Bweni la Mbali

Mtoto wa mfugaji wa Kulamawe, kaunti ya Isiolo, anaweza kupotea shuleni bila mzazi wake kuidharau elimu. Ng'ombe na ngamia wakienda fora, yaani kambi za malisho ya mbali, vijana huenda nao. Darasa hubaki nyuma. Dawa inayopendekezwa kila mara ni bweni kubwa mjini. Naona dawa bora ni shule ndogo karibu na malisho, inayosimamiwa na wazazi wenyewe. Wamennonite wahafidhina wa Marekani, Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti, wameishi na mfumo huo miaka mingi: vyumba viwili vitatu kijijini, mwalimu mmoja akifundisha madarasa kadhaa kwa pamoja, na wazazi ndio kamati, ndio wafadhili, ndio mafundi wa paa.

Atauliza mtu: shule iliyoigwa kwa Wakristo itakaaje miongoni mwa Waborana Waislamu? Swali ni la haki, na jibu lake liko jirani. Wamennonite waliingia Somalia 1953 wakafungua shule. Mwaka 1962 mmisionari wao Merlin Grove aliuawa Mogadishu. Mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku kueneza dini isiyo ya Kiislamu, na ikataka shule zote zifundishe Uislamu. Wengine wangefunga virago. Wao walikubali, wakaendelea kuendesha shule zao mpaka zilipotaifishwa 1972. Kwa hiyo jina lililo kwenye ubao wa langoni si hoja kubwa. Muhimu ni nani anayeamua kinachofundishwa ndani. Kulamawe, ratiba ya duksi, yaani chuo cha Kurani, ingepewa nafasi yake tangu siku ya kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba shule ndogo humfungia mtoto njia. Hapa Wamennonite si wa kuigwa kwa kila jambo. Mwaka huohuo wa 1972, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu wazazi wa Kiamish na Kimennonite kuwatoa watoto shuleni baada ya darasa la nane. Uamuzi huo ulilinda imani ya wazazi. Kwa mtoto wa hapa ungekuwa hasara tupu, kwani ukame ukimaliza mifugo hana shamba la baba la kurudia. Shule ndogo ya Kulamawe ifuate mtaala wa taifa na imfikishe mwanafunzi gredi ya 9, tayari kwa sekondari ya juu. Kikwazo ni kumpata mwalimu wa sayansi. Kaunti husimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si shule za msingi, hivyo wazazi wapeleke dai lao kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), Nairobi.