SHAHIDI MKWELI ALIYEKOSEA
Saikolojia ya sheria: masomo yake na kazi zake

Mwezi Julai 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani, mwanafunzi mmoja wa kike alivamiwa usiku nyumbani kwake na kunajisiwa. Katika mateso hayo alimkazia macho mhalifu, akinuia kuikumbuka sura yake ili sheria imshike. Polisi walipomwonyesha picha, alimchagua kijana aitwaye Ronald Cotton. Na katika gwaride la utambulisho akamchagua huyo huyo. Mahakamani alishuhudia bila kusita. Cotton akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine. Cotton aliachiliwa baada ya kukaa gerezani zaidi ya miaka kumi kwa kosa asilolitenda. Shahidi yule hakusema uwongo, alikosea. Kueleza jinsi mtu mkweli anavyoweza kukosea hivyo ni mojawapo ya kazi za saikolojia ya sheria.

KUMBUKUMBU SI PICHA

Mwaka 1974 wataalamu Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali ya magari. Hamsini waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipopondana. Hamsini wengine, yalipogongana. Waliobaki hawakuulizwa habari ya mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamuni hamkuwa na kioo kilichovunjika, lakini watu 16 wa kundi la kwanza walisema waliviona, na 7 wa kundi la pili. Neno moja la mwulizaji liliingia katika kumbukumbu, likakaa humo kama jambo lililoonwa kwa macho.

Hapa pana funzo kwa kila askari mpelelezi. Kumwuliza shahidi, "Panga lake lilikuwa refu kiasi gani?" ni kumpa panga ambalo pengine hakuliona. Heri kumwambia aeleze yote kwa maneno yake, na kumsikiliza bila kumkatiza. Katika gwaride, wataalamu wanashauri lisimamiwe na askari asiyemjua mtuhumiwa. Shahidi aambiwe kwamba huenda mhalifu hayumo. Na kiasi cha uhakika wake kiandikwe papo hapo, kabla hajapongezwa na yeyote.

NJIA YA MASOMO

Anayetaka kazi hii huanza na shahada ya kwanza, kwa kawaida ya saikolojia, kisha huendelea na uzamili. Na katika Marekani kazi nyingi hudai shahada ya udaktari na leseni. Chuo Kikuu cha Nebraska kilianza mwaka 1974 kufundisha sheria na saikolojia kwa pamoja, ili mwanafunzi mmoja apate shahada zote mbili. Wahitimu hupima akili za washtakiwa kwa amri ya mahakama, hufundisha polisi, na huwasaidia wafungwa kurekebika. Uingereza, wengi wao huajiriwa na idara ya magereza. Anayeitwa mahakamani hutakiwa kusema alichokipima, hata kikimchukiza aliyemwita.

Mwaka 2009 Cotton na mwanamke yule, ambaye alikuwa amekwisha kumwomba msamaha na kusamehewa, walitoa kitabu pamoja. Wamesimama mbele ya hadhara nyingi bega kwa bega, wakieleza jinsi macho ya mtu mwema yanavyoweza kumfunga asiye na hatia.