USHONAJI: Kosa la karatasini hufutika, la kitambaani hubaki

CHEREHANI si chombo kigeni katika nyumba nyingi nchini. Wapo waliokirithi kutoka kwa mama zao, na wapo waliokinunua kwa akiba ya chama. Hata hivyo, vyerehani vingi vya nyumbani huishia kupunguza urefu wa suruali, kuziba nguo zilizoraruka na kushona mapazia, ilhali gauni la harusi au sketi ya kwenda kazini hupelekwa kwa fundi.

Kinachowazuia wengi si kushona. Mshono ulionyooka ni jambo ambalo anayejifunza huweza kulimudu kwa siku chache akifanyia mazoezi kwenye vitambaa vikuukuu. Kinachowatia hofu ni kukata.

Hofu hiyo ina msingi. Aliyedunduiza fedha hadi akapata kitenge cha yadi 6, kisha akakosea kiuno kwa sentimita chache, hana namna ya kukirejesha kitambaa hicho katika hali yake ya awali. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapa ndipo ruwaza inapofaa. Ruwaza ni vipande vya karatasi vilivyochorwa na kukatwa kwa umbo la kila sehemu ya vazi: mbele, nyuma, mkono, kola na ukanda wa kiunoni. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kumwonyesha mshonaji mtindo. Ukweli ni kwamba manufaa yake makubwa zaidi ni kumwezesha kukosea mahali ambapo kosa halina gharama, yaani kwenye karatasi.

Chimbuko

Kwa muda mrefu maarifa ya kukata nguo yalikuwa mali ya mafundi pekee. Mambo yalianza kubadilika nchini Marekani mnamo 1863, pale fundi Ebenezer Butterick wa mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts, alipoanza kuuza ruwaza za karatasi zilizotolewa kwa vipimo mbalimbali. Kabla ya hapo ruwaza zilizochapishwa zilikuwa za kipimo kimoja, na mnunuzi alilazimika kuzipanua au kuzipunguza mwenyewe.

Wakati huo vyerehani vya Singer, ambavyo hataza yake ilitolewa 1851, vilikuwa vimeanza kuingia majumbani. Cherehani na ruwaza vilipokutana, mama wa nyumbani aliweza kushona gauni kamili bila kumtegemea fundi.

Humu nchini, maarifa hayo yamefundishwa shuleni kupitia somo la Sayansi Kimu. Kwa miaka mingi watahiniwa wa KCSE waliochagua somo hilo wamekuwa wakipewa vipande vya ruwaza na kitambaa, kisha wakitakiwa kukata na kushona sehemu ya vazi kwa muda uliowekwa.

Nambari isikuhadae

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya karatasi kufunguliwa. Mwanamke aliyezoea kununua magauni ya mitumba yenye nambari 14 huchagua ruwaza ya nambari 14, akashangaa gauni linapomkataa kifuani.

Sababu ni kwamba nambari za ruwaza hazilingani na za nguo za dukani. Katika ruwaza za kampuni kubwa za Marekani kama vile Butterick, McCall's na Simplicity, nambari 14 humaanisha kifua cha inchi 36, kiuno cha inchi 28 na nyonga za inchi 38. Nguo ya dukani yenye nambari iyo hiyo mara nyingi huwa pana kuliko hapo.

Kwa hivyo, mshonaji hana budi kuisahau nambari aliyoizoea na kuchukua futikamba. Kifua hupimwa mahali kilipojaa zaidi, kiuno mahali kinapobonyea, na nyonga mahali palipo papana zaidi. Vipimo hivyo hulinganishwa na jedwali lililo nyuma ya bahasha ya ruwaza. Gauni huchaguliwa kwa kipimo cha kifua, nayo sketi nyembamba kwa kipimo cha nyonga, kwani kupunguza kiuno ni rahisi kuliko kupanua nyonga.

Aidha, ni wachache ambao vipimo vyao vyote huangukia nambari moja. Ruwaza nyingi za siku hizi huchapishwa zikiwa na mistari ya nambari kadhaa kwenye karatasi moja. Mwenye kiuno cha nambari 14 na nyonga za nambari 18 huruhusiwa kuchora mstari wake mwenyewe unaoteremka polepole kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Alama zina maana

Kila kipande cha ruwaza huwa na alama. Mshale mrefu huonyesha mwelekeo wa nyuzi, na ni sharti ulale sambamba na ukingo wa kitambaa, ule upande uliofumwa ukakazwa usifumuke. Mshale ukilala mshazari, sketi hujipinda mwilini na mshono wa ubavuni huhamia mbele baada ya kufuliwa mara chache.

Ukingo wa karatasi ulioandikwa kwamba uwekwe kwenye mkunjo haukatwi. Kitambaa hukunjwa mara mbili, karatasi ikalazwa penye mkunjo, na kipande kikatoka kizima kikiwa na pande mbili zinazofanana. Anayekata penye mkunjo hujikuta na nusu mbili za gauni na mshono usiotarajiwa katikati ya kifua.

Zipo pia alama ndogo za pembetatu pembeni, ambazo huonyesha mahali vipande viwili vinapokutana, na mistari inayounda umbo la kabari kiunoni au kifuani. Kabari hizo ni vikunjo vinavyoshonwa ili kitambaa kilicho bapa kifuate umbo la mwili.

Jambo jingine linaloponza wengi ni nafasi ya mshono. Ruwaza za bahasha kutoka Marekani kwa kawaida huwa zimeongezwa nafasi hiyo, takriban sentimita 1.5 kila upande. Ruwaza za jarida la Burda la Ujerumani hazina nafasi hiyo; mshonaji huzinakili kwenye karatasi nyingine kisha akaiongeza mwenyewe. Asipofanya hivyo, sketi yenye mishono miwili ya ubavuni humpungukia kwa sentimita 6, kwani kila mshono humeza sentimita 1.5 upande huu na nyingine upande ule.

Kujichorea sketi

Si lazima ruwaza inunuliwe. Sketi ya kunyooka ni vazi ambalo mtu anaweza kujichorea kwa rula na magazeti yaliyokwisha kusomwa.

Chukua mfano wa mtu mwenye kiuno cha sentimita 80 na nyonga za sentimita 104. Nguo iliyo sawa kabisa na mwili haikaliki wala haitembeki, hivyo huongezwa nafasi ya kupumulia: sentimita 2 kiunoni na 4 kwenye nyonga. Vipimo vinakuwa 82 na 108. Kwa kuwa karatasi huchorwa robo ya mwili, kila kimoja hugawanywa kwa 4. Robo ya kiuno ni sentimita 20.5, na robo ya nyonga ni 27.

Tofauti ya hizo mbili ni sentimita 6.5. Huo ndio upana unaopaswa kutoweka kati ya nyonga na kiuno. Sentimita 3 huingia katika kikunjo cha kiunoni, na 3.5 zilizosalia huondolewa ubavuni kwa kuchora mstari uliopinda kutoka kiunoni hadi penye nyonga, umbali wa takriban sentimita 20. Kuanzia hapo mstari hushuka wima hadi chini.

Kipande cha mbele huongezwa sentimita 1.5 za mshono wa ubavuni na kuwekwa kwenye mkunjo, kwa hivyo upana wake ni 28.5. Cha nyuma huongezwa 1.5 za ubavuni na 2 za katikati, penye zipu juu na mpasuo wa kutembelea chini, kikawa 30.5.

Hesabu hii huokoa fedha hata kabla ya kwenda dukani. Vipande vyote viwili vikifunuliwa vinahitaji upana wa sentimita 118. Kitambaa chenye upana wa 115, ambao ni wa kawaida kwa vitenge, hakitoshi kuvilaza ubavu kwa ubavu. Ni lazima kimoja kikae chini ya kingine. Sketi yenye urefu wa sentimita 65, pamoja na pindo na mshono wa juu, itahitaji takriban mita 1.5. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kingetosha kwa takriban sentimita 85 tu, ukanda wa kiunoni ukiwemo. Anayelinganisha bei ya mita moja bila kuangalia upana huenda akadhani amenunua rahisi, kumbe amelipa zaidi.

Kabla ya mkasi

Kitambaa cha pamba hunywea kinapofuliwa. Kikinywea kwa asilimia 5, sketi ya sentimita 65 hupungua kwa zaidi ya sentimita 3, na kiuno cha sentimita 82 hupungua kwa zaidi ya 4. Ndiyo maana kitambaa cha aina hiyo hufuliwa, kikaanikwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa.

Michoro nayo huhitaji macho. Kitenge chenye ndege au maua yanayotazama upande mmoja hakiruhusu karatasi moja kulazwa juu chini ili kubana nafasi, la sivyo ndege wa nyuma watakuwa wameelekeza vichwa ardhini. Vivyo hivyo leso, yenye pindo pande zote na jina upande wa chini: ni sharti karatasi ipangwe kwanza juu yake, ndipo ijulikane kama jina litasomeka au litakatwa katikati ya sentensi.

Siku hizi ruwaza nyingi hupatikana kwenye intaneti na kuchapishwa katika saiba kwa karatasi za A4 ambazo huunganishwa kwa gundi. Ukurasa mmojawapo huwa na mraba wa kujaribia wenye kipimo kilichoandikwa. Mraba huo upimwe kwa rula kabla ya kurasa nyingine kuchapishwa. Mashine ikipunguza ukurasa hadi asilimia 95 ili uenee kwenye karatasi, nyonga za sentimita 108 hugeuka 102.6, na sketi haitampita mwenye nyonga za 104.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Vipande hukatwa kwanza kwenye shuka kuukuu, vikapigwa bandi kwa mkono kwa mishono mirefu, kisha vikavaliwa. Mvaaji huketi, huinama na huinua mikono. Panapobana hufumuliwa na kupanuliwa. Panapopwaya hubanwa kwa pini. Kila badiliko huhamishiwa kwenye karatasi kwa kalamu, na tarehe ikaandikwa, maana mwili hubadilika.

Kazi hii huchukua muda, na anayehitaji nguo kesho bado atamhitaji fundi. Hata hivyo, karatasi iliyokwisha kusahihishwa haiozi. Ikikunjwa vyema na kuhifadhiwa katika bahasha, itatoa sketi ya pili, ya tatu na ya kumi bila kupima upya. Mtindo ukibadilika, urefu huongezwa au mpasuo ukahamishwa, lakini kiuno na nyonga hubaki vilevile.

Mwenye cherehani kilichofunikwa kwa kitambaa pembeni mwa sebule hahitaji basi kuanza na kitenge cha thamani. Anahitaji gazeti la jana, rula, futikamba na subira. Akikosea hapo, atachukua ukurasa mwingine na kuchora upya.