Sabini kwa Sabini ya Nini?

Ukikaa jukwaani Kaitaba, pale Bukoba, utasikia watu wakipiga kelele mshambuliaji akiingia "ndani ya kumi na nane". Kumi na nane ya nini? Ya yadi. Kwa mita ni 16.5. Mimi yadi sikufundishwa shuleni, lakini mpirani naitamka bila kujua.

Rasmi nchi yetu inapima kwa mita, kilo na lita. Ila nenda duka la vifaa vya ujenzi: msumari ni wa inchi 4, bomba la nusu inchi, mbao mbili kwa nne, halafu nondo za nyumba hiyohiyo zinauzwa kwa milimita. Fundi wala hachanganyikiwi. Amezoea.

Kwenye ardhi ndiko kunakouma. Mwaka jana shangazi yangu, kule Muleba, aliuza ekari moja ya kibanja ili apate ada ya mwanawe. Pale kijijini kila mtu anajua ekari ni "sabini kwa sabini". Mnunuzi akaja na tepu ya mita, tukavuta 70 huku na 70 kule, mashahidi wakasaini, tukanywa chai. Ncha moja ya tepu niliishika mimi.

Niligundua baadaye, nikiandaa somo la maeneo kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Ekari ni kipimo cha Kiingereza, yadi za mraba 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900, kwa hiyo wazee hawakukosea sana: hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja. Lakini yadi ni mita 0.9144 tu, na ekari ni kama mita za mraba 4,047. Sisi tulitoa mita za mraba 4,900. Zilizozidi ni 853, na ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hapo inaingia migomba zaidi ya 90.

Mnunuzi hakutuibia. Naye alijua hiyohiyo sabini kwa sabini. Nilipomweleza shangazi, akaniuliza, "Sasa mwanangu, si wewe unayesomea hesabu?" Tukaitoa karatasi ya mauziano. Imeandikwa "70 x 70", basi. Si hatua, si yadi, si mita. Utadai nini?

Kwa hiyo ukienda likizo ukute watu wanauziana, kumbuka: ekari ya mraba kwa tepu ya mita ni 63.6 kila upande. Kama kipande ni kirefu, zidisha urefu kwa upana mpaka ufike 4,047. Na neno "mita" liandikwe karatasini.

Hatua nazo ziogope. Nimepima yangu ya kawaida: sentimita 74. Nikitembea sabini kwa sabini napata theluthi mbili tu ya ekari. Shangazi ni mfupi kuliko mimi, na anasema siku ile tungemwachia yeye apime kwa miguu.