Merv na Boma la Mto Wake

Inapotajwa miji ya kale iliyotajirika kwa biashara ya hariri, Samarkand na Bukhara hutangulia, na Merv husahauliwa. Sisi tunaona si haki, hasa mbele ya wale waliokabidhiwa dhamana ya maji ya wananchi.

Magofu ya Merv yamo Turkmenistan, katika jangwa la Karakum. Mvua huko ni haba mno. Uhai wote ulitokana na mto Murghab, unaoteremka kutoka milima ya Afghanistan na kupotelea mchangani bila ya kuiona bahari. Ngome ya kwanza ilijengwa kiasi cha miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mji mpya ulijengwa ubavuni mwa ule wa zamani, si juu yake, ndiyo maana leo kuta za miji kadhaa zimepakana. Hapo ndipo misafara ya ngamia ilipopumzika baina ya Uajemi na Uchina. Waarabu waliutwaa mwaka 651. Khalifa al-Ma'mun alikaa huko hadi 818, na katika karne ya 12 Sultani Sanjar wa Waseljuki aliufanya makao yake makuu.

Lakini kinachotustaajabisha zaidi ni idara ya maji. Al-Maqdisi, mwanajiografia wa karne ya 10, ameandika kuwa msimamizi wa boma la mto alikuwa na watu 10,000 chini yake, pamoja na wazamiaji 400 wa kulilinda na kulitengeneza. Ni serikali chache za leo zinazoweza kujisifu hivyo!

Maji yakifika, elimu nayo hustawi. Yaqut, msafiri na mwanachuoni, alieleza kuwa nyumbani kwake hapo Merv hapakukosekana vitabu 200 vya kuazima, karibu vyote bila ya rehani. Aliondoka Wamongolia walipokaribia. Mwaka 1221 Tolui, mwana wa Chinggis Khan, aliwaangamiza wakazi. Waandishi wa zama hizo wametaja laki nyingi za maiti, nasi twazipokea hesabu hizo kwa tahadhari. Boma nalo likaharibiwa. Shah Rukh aliufufua mji mwaka 1409, hata mwishoni mwa karne ya 18 Amiri Shah Murad wa Bukhara akalivunja boma tena, na watu wakahama.

Mnamo 1954 Wasovieti walianza kuchimba mfereji mkubwa wa Karakum. Mashamba ya pamba yakanawiri, ila maji ya chini ya ardhi yakapanda. Merv iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999. Kaburi la Sanjar limekarabatiwa. Lakini kuta za udongo zilizolizunguka hunyonya maji yenye chumvi, hukauka, na kumomonyoka tokea chini.